Mbuzi wa Ushindi

Kaka yangu mkubwa aliagiza mbuzi kabla kura hazijapigwa. Anaishi Ruiru, na katika uchaguzi mdogo wa wadi yetu ya Thika alikuwa mpiga debe wa chama. Nasema chama tu, kwa sababu mtaani kwetu, Landless, hakuna aliyehitaji kuuliza ni kipi. Tangu nianze kupiga kura, aliyepewa tiketi ya chama hicho ndiye aliyekuwa diwani.

Diwani wetu alipofariki, kiti kiligombewa na mtu wa chama na mama mmoja anayeuza maharagwe sokoni, aliyesimama bila chama. Watu walimcheka. Kaka alimcheka kuliko wote.

Kesho yake baada ya kura, mchana, familia nzima tulikuwa Kamakis, kwenye mkahawa wa nyama choma, tumezunguka meza ndefu. Nyama ilishakatwakatwa kwenye ubao, kachumbari iko pembeni, simu ya kaka ikalia. Alisikiliza, kisha akaiweka mezani kifudifudi. Muuza maharagwe alikuwa ameshinda.

"Watu wetu wametuuza," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Na wengine wako hapa hapa, wanakula nyama yangu."

Mimi nilikuwa nimempigia kura yule mama. Niliendelea kutafuna.

"Mimi nilimpigia," Mami akasema.

Mama yetu amepita miaka sabini. Alikuwa akichagua vipande laini kwa sababu ya meno, na hakuinua kichwa.

"Mami, wewe?"

"Mimi. Alikuja nyumbani, akaketi, tukanywa chai, akaniuliza dawa za presha ninapata wapi. Nikamwambia zahanati haina, kila mara naambiwa nirudi wiki ijayo. Huyo mtu wako alipita akipiga honi."

Kaka alimwambia amezeeka vibaya. Alimwambia amenunuliwa kwa kikombe cha chai, tena chai yake mwenyewe, na kwamba ameliaibisha jina la baba. Aliyasema hayo mbele ya wahudumu na wajukuu, kwa sauti ambayo asingethubutu kuitoa baba akiwa hai. Mami alimwacha amalize. Akapangusa mikono, akanigeukia.

"Nipeleke nyumbani."

Nilikuwa na hasira mpaka nikashindwa kufunga mkanda wa gari. Mtu ana bima ya kazini, hajawahi kupanga foleni ya zahanati hata siku moja, halafu anamfokea mama yake kwa kutaka tembe. Nilimtukana kaka njia nzima. Mami alinisikiliza mpaka tukakaribia Thika.

"Na wewe ulimpigia nani?"

"Huyo huyo."

"Mbona hukusema?"

Swali hilo linaniuma hata leo kuliko matusi ya kaka, kwa sababu yeye angalau alifungua mdomo.

Dawa bado hazijafika zahanati. Mami ananunua dukani, na kila akikutana na diwani mpya sokoni anamkumbusha, bila kumwonea haya. Kaka hajakanyaga kwetu tangu siku ile. Jamaa wanataka Mami amwombe kaka msamaha ili mambo yaishe, na wamenitumia watu wawili nimshawishi. Wa kwanza nilimpikia chai na kumsikiliza. Wa pili nilimwacha hapo getini.