Mama Alipokodisha Majani Chai

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikula vizuri kuliko nilivyowahi kula nyumbani. Asubuhi mkate na yai, mchana wali na nyama, jioni ugali na mboga hadi nishibe. Serikali ilitulisha, na juu yake ikatupa pesa za matumizi ambazo sisi wanafunzi tuliziita bumu. Kwa bumu yangu nilimnunulia mama mabati ya jikoni. Baba alikuwa ameshafariki na paa la nyasi lilikuwa linavuja. Mama akatoa ushuhuda kanisani kwamba binti yake ameanza kumsaidia kabla hata hajamaliza masomo.

Mwaka wa pili tulikuta mambo yamegeuka. Tuliambiwa wazazi sasa watachangia karo, bumu imepunguzwa, na chakula cha chuo kitalipiwa kwa sahani. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini na kila kitu dukani kilikuwa kinapanda. Nje ya lango la chuo, wenye vibanda waliacha kuandika bei ya githeri, mahindi na maharagwe, ukutani, walikuwa wamechoka kuifuta.

Chumbani nilikaa na msichana wa Siongiroi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Tuliunganisha pesa zetu tukanunua unga, sukuma wiki na mafuta ya kupimiwa, tukapika kwa koili ya umeme tuliyoificha kabatini chini ya nguo, kwa sababu ukishikwa nayo unafukuzwa hosteli. Mchana hatukula. Tulikuwa tunajifungia maktaba mpaka saa ya chakula ipite, tusipite karibu na harufu ya jikoni. Jioni tulikunywa strungi, chai bila maziwa, halafu ugali. Mimi niliyetoka kwenye shamba la chai na ng'ombe nilijifunza kukadiria sukari kwa ncha ya kijiko.

Katikati ya muhula baba yake yule msichana akaja. Kiangazi kilikuwa kimemmalizia ng'ombe. Walizungumza nje, kisha rafiki yangu akaingia, akaanza kukunja blanketi lake.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Anasema nitarudi mwakani."

Aliniachia unga uliobaki na nusu ya kitunguu. Hakurudi. Baadaye nilisikia ameolewa upande wa Mulot.

Peke yangu, zile pesa hazikutosha kitu. Nilianza kula mara moja kwa siku, na siku nyingine nilikula karanga nikanywa maji mengi. Sikuandika nyumbani kuomba. Nilijua bonasi ya chai hailipwi mpaka mwisho wa mwaka, na malipo ya kila mwezi ya majani yalikuwa yanaishia kwa chumvi, sabuni na karo ya ndugu zangu wadogo.

Siku moja mlinzi wa hosteli akanigongea. "Una mgeni." Nyuma yake alikuwa mama, amevaa viatu vyake vya kanisani, mgongoni ana mfuko wa unga na mkononi kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Alikuwa amesikia sokoni kwamba watoto chuoni hawapewi tena chakula.

Aliketi kwenye kitanda kilichoachwa wazi, akatazama chumba.

"Wewe unakula nini huku?"

"Nakula, mama."

"Nimekuuliza unakula nini."

Akanishika mkono, kidole chake na gumba vikazunguka kifundo changu na kubaki na nafasi. Akauachilia taratibu. Akanimiminia mursik kikombeni, akanitazama nikinywa mpaka mwisho, akanimiminia tena. Hakulia wala hakunihubiria. Aliniuliza tu nimebakiza muda gani kumaliza. Nikamwambia. Akasema sawa, akawahi basi la kurudi.

Haukupita muda mrefu, karo yangu ikalipwa yote, na pesa za chakula zikawa zinanifikia kila mwanzo wa mwezi. Mama alituma ujumbe kwa mtu wa kwetu kwamba nisome tu, chai imefanya vizuri. Nilifurahi. Nilinunua mayai.

Kisha wanafunzi wakagoma. Mawe yakarushwa, polisi wakaingia na gesi, na chuo kikafungwa. Tuliamriwa tuondoke siku hiyo hiyo, nami nikafika kwetu siku iliyofuata asubuhi, umande bado haujakauka. Kutoka barabarani niliona watu shambani kwetu wakichuma chai, mama katikati yao na kikapu mgongoni. Nikafikiri ameajiri wachumaji. Pembeni alisimama jirani yetu mwenye kinu cha mahindi, ambaye tulikuwa tunasali naye kanisa moja, ana mizani.

"Karibu nyumbani, msomi wetu," aliniambia kwa furaha.

Nikasimama kando kumngoja mama. Wachumaji walileta vikapu vyao, jirani akapima kimoja kimoja. Mama naye akapanga foleni. Alipofikiwa aliweka kikapu chini kama wengine, jirani akapima, akamwambia kilo zake, mama akaitikia kwa kichwa.

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Mama, hii chai si yetu?"

"Shamba ni letu. Majani ndiyo si yetu."

"Tangu lini?"

"Tangu nitoke kwako. Alinipa pesa zote mara moja. Anachuma mpaka umalize masomo, halafu anaturudishia." Akafuta mikono kwa aproni yake. "Na wewe mbona umekuja mapema?"

"Chuo kimefungwa."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema."

Mama alitazama bonde la chai, upande ule wa kituo cha kuuzia majani. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri, miaka yangu na pesa za jirani zikalingana. Hesabu hiyo haikuwa na nafasi ya mawe na gesi. "Twende ule," alisema.

Kesho yake nilivaa gambuti nikachuma naye, kibarua kwenye miti aliyoipanda baba. Jirani hakuwa mtu mbaya. Alinilipa sawa na wengine, na siku za mvua alituacha tuote moto kwanza. Lakini alikuwa anachuma sana na mbolea hakutia, na mama aliliona hilo kila asubuhi, asiweze kusema. Chuo kilipofunguliwa pesa zilikuwa zimepungua, mama akaongeza muda wa mkataba. Kilifungwa tena, akaongeza tena.

Nilihitimu. Mama alikuja akakaa mbele kabisa, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilitarajia serikali itanipa kazi ya ualimu, lakini nilipofika ofisini niliambiwa walimu hawaajiriwi kwa sasa, nirudi nyumbani ningoje. Nikafundisha shule ya upili ya karibu, nikilipwa na wazazi pale walipoweza.

Majani yaliporudi mikononi mwetu miti ilikuwa imechoka, majani membamba, mashina yana kuvu. Jirani alikuja kutuaga kwa heshima, akauliza kama tungependa kukodisha tena.

"Hapana," mama akasema.

Ilibidi tuipogoe miti yote, na mti uliopogolewa haukupi kitu kwa miezi mingi. Mama hakungoja. Jumatatu alifunga kitambaa kichwani akaenda kuomba kibarua cha kuchuma kwenye shamba kubwa ng'ambo ya mto, pamoja na wasichana wa umri wangu. Mgongo ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Nilimsindikiza mpaka njia panda, kisha nikashika njia ya shule, kwa sababu nilikuwa na somo la kwanza.