Bunduki Nyepesi na Pofu wa Harusi ya Somoe

Nakumbuka siku niliyochagua bunduki kwa kuinyanyua kwa mkono mmoja, kama mtu anayepima kuku wa kununua. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa kuku hutafuta mzito, na mimi nilitafuta nyepesi. Kwa ujinga huo nilikaribia kuwalisha wageni wa harusi ya dada yangu nyama ya kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, na wa kwanza kuionja angekuwa bibi harusi mwenyewe.

Mwanangu, najua kwa nini vijana mnanijia barazani siku hizi. Mmesikia kwamba mzee huyu mwenye kikoi, anayejua saa ya chai kuliko saa ya sala, zamani alikuwa na bunduki ya darubini. Mnaniuliza ipi nyepesi na ipi inafika mbali. Nitawajibu, ila mnivumilie nizunguke kidogo. Mtu anayeshinda nyumbani kama mimi hana safari nyingine zaidi ya maneno.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani baada ya ukame wa muda mrefu. Kijijini kwetu, huku Kilangala, kilichorudi kwa wingi zaidi kilikuwa nguruwe pori. Walikuwa wakilima mihogo yetu upya, wenyewe, bila jembe. Mtu aliyekuwa akiwazuia ni Mjomba Hassani, kaka wa mama yangu, na kwetu mjomba si mtu wa kusalimiwa na kupita tu, ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ya dada yake. Lakini magoti ya Mjomba yalikuwa yamekwisha, na bunduki yake ilikuwa imechoka kuliko magoti. Komeo lake lilikuwa likikwama, mpaka alipige kwa kiganja ndipo litoe ganda la risasi.

Kijiji kikakaa, kikaamua kwamba kazi ile niirithi mimi. Usidhani nilikuwa mpiga shabaha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, basi, na maombi ya leseni yalikuwa na fomu nyingi. Nilichaguliwa kulinda mashamba kwa sababu ya mwandiko mzuri.

Polisi waliporidhika na karatasi zangu, mimi na Mjomba tukasafiri mpaka Dar es Salaam, kwenye duka la silaha lililokuwa limefunguliwa karibuni. Safari yenyewe sitaisimulia, maana hata leo nikiikumbuka kiuno kinauma. Muuzaji alituwekea mezani bunduki mbili, zote za komeo, zile unazovuta kwa mkono kila baada ya risasi moja. Ya kwanza ilikuwa nzito, mtutu mnene, kitako kimekwaruzwa, haina darubini. Ya pili ilikuwa nyembamba kama binti wa mjini, na juu yake darubini inayong'aa. Muuzaji akasema hii inambeba mtu badala ya mtu kuibeba, na kwamba mnyama akiwa ng'ambo ya bonde ni kama yuko uani kwako.

Hapo ndipo aliponipata. Mimi msitu siupendi, mwanangu. Una kupe, una upupu, na hauna kiti. Nikajiona nimekaa mahali pazuri penye kivuli, nampiga mnyama wa mbali, halafu watu wanakwenda kumleta. Nikainyanyua ile nyembamba kwa mkono mmoja na kusema nimepata.

Mjomba aliichukua, akaiweka begani, akavuta komeo mara mbili tatu, akanirudishia. Akaniuliza kwa upole, "Na mnyama akishaanguka huko ng'ambo, wewe utafika saa ngapi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania kwa uzembe wangu. Hakurudia swali lake.

Tuliporudi nyumbani bunduki ile ilinitia adabu wiki ya kwanza. Bunduki nyepesi ina teke, maana haina uzito wa kumeza mshindo wake yenyewe, mshindo wote anaumeza mwenye bega. Risasi ya kwanza niliyoipiga shambani, darubini ilinipasua juu ya jicho. Mama akanipaka majivu na kuniuliza kama bunduki ile nimeinunua au nimerogwa nayo. Lakini nikaizoea. Nikawa napiga vifuu vya nazi nikiwa nimelala kifudifudi juu ya gunia la pumba, na watu wanapita wanasifu. Sifa zile zilinilevya.

Basi dada yangu Somoe akapata mchumba kutoka Sudi, kijiji cha pwani, mwana wa wavuvi, na harusi ikapangwa kwetu. Baba yetu alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa mjane mwenye mikorosho michache na hofu nyingi, na hofu kubwa ilikuwa wageni wa Sudi waje wale wali mtupu, halafu warudi kwao wakisema Somoe ametoka nyumba isiyo na kitoweo. Ng'ombe huku kwetu ni hadithi tu. Mimi nikasimama kati ya uwanja, nikamwambia Mama asihangaike, kitoweo kiko bondeni kinatembea.

Nikaomba kibali kwa afisa wa wanyamapori, tuliyezoea kumwita bwana nyama, nikapewa cha pofu mmoja, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Siku mbili kabla ya harusi nikatoka asubuhi kuelekea bonde la Mbwemkuru. Nilifuatana na jirani yangu Alois, Mmakonde aliyeshuka kutoka uwanda wa juu kuja kulima korosho karibu nasi. Alois alikuwa Mkristo, mwenye miguu ya chuma na ulimi usio na mfuniko.

Tulimwona pofu saa tatu hivi, dume, amesimama kwenye mteremko wa upande wa pili, kwa kadiri ya viwanja vinne vya mpira. Alois akasema tushuke, upepo unatufaa, tutamkaribia vizuri. Nikamwambia akae atazame. Nikalala kifudifudi, nikaegemeza mtutu kwenye gogo, nikapiga. Pofu akakata mbio kidogo, akapiga magoti, akalala. Nikacheka kwa furaha, nikamgeukia Alois nione uso wake. Uso wake ulikuwa unatazama korongo lililokuwa kati yetu na yule mnyama.

Korongo lile halikuwemo ndani ya darubini, mwanangu. Darubini ilinionyesha pofu, haikunionyesha njia. Kingo zilikuwa wima, ikabidi tulizunguke. Tukaingia vichakani, tukatoka, tukapotea, tukarudi. Ilikwenda saa nzima na zaidi. Tulipofika, nzi walikuwa wametutangulia, na jicho la pofu lilikuwa limekauka.

Wenye elimu ya dini wana maneno yao, kwamba mnyama wa risasi iliyopigwa kwa jina la Mwenyezi Mungu huweza kuliwa. Lakini mimi hata hilo jina nililisahau, nilikuwa nahangaika na darubini. Na kwetu wakati ule nyama ya karamu ilikuwa ile iliyokutwa hai na kuchinjwa, hakuna mjadala. Hilo nililijua tangu sijaota jino la pili.

Nilisimama pale na kisu mkononi. Nikamwona Mama, nikawaona wageni wa Sudi, nikayasikia maneno yangu ya kati ya uwanja. Nikainama, nikamkata pofu shingo. Damu haikuruka. Ilitoka kidogo, nzito, kama inanionea haya.

Alois alikuwa amejiegemeza kwenye mti. Akasema, "Kisu chako, dini yako. Mimi siingizi neno." Kisha akaondoka kwenda kuita watu wenye baiskeli.

Nyama ilifika nyumbani alasiri. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wakaanza kugawana kazi, huyu chumvi, huyu kuni. Mimi nikaenda kwa Mjomba Hassani kupeleka salamu, maana kupita bila kumwamkia kungekuwa kosa la pili. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia shati mpaka viatu. Shati langu lilikuwa safi. Mtu aliyemchinja pofu hai hawezi kutoka na shati kama lile.

"Issa," akasema, "ulimkuta anapumua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni, limeshavaa viatu. Lakini alikuwa ameniuliza kwa sauti ileile ya dukani, sauti isiyonisukuma, na mimi mtu asiponisukuma sina pa kushika. Nikasema hapana.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea, maana kujitetea nilikuwa hodari. Alisugua goti lake, halafu akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka napunguza sauti.

"Mnyama ukishampiga, anakungoja wewe. Hana mwingine wa kumngoja. Ulimwacha amalize peke yake kule, na sasa unataka watoto wa watu wamle." Akavuta pumzi. "Nenda kamwambie mama yako. Na Somoe umwambie wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Mama nilimkuta jikoni. Niliposema, alichukua kawa akafunika nyama, kama mtu anavyomfunika mgonjwa. Nikaingia chumbani kwa Somoe. Alikuwa amekaa mkekani, mikono ameinyanyua, hina mbichi mpaka kwenye vifundo. Nikamweleza yote, korongo, nzi, kisu. Alinisikiliza akiwa hivyohivyo, mikono juu, machozi yanamtoka na hawezi kujifuta. Ikabidi nichukue ncha ya kanga yake nimfute mimi.

Akasema, "Kaka Issa, kumbe ungekaa pale, unitazame nikila?"

Mwanangu, nimepigwa teke na bunduki, nimechanwa uso na darubini, lakini hakuna kilichonipiga kama lile swali la mtu mwenye hina mikononi.

Jioni ileile nikaenda kwa Alois, nikamwambia nyama yote ni yao, yeye na majirani zake wa kanisani, waigawane, sisi haitufai. Hakuniuliza sababu. Alisema sawa, akaita watu. Nikarudi nyumbani kukaa na familia yangu isiyo na kitoweo.

Asubuhi tukasikia kelele njiani. Alikuwa Mama Anjela, mke wa Alois, na wanawake wenzake wanne, kila mmoja amebeba kuku miguu imefungwa, wengine wawili, wengine watatu. Walikuwa wamekula pofu usiku kucha, wakaona si haki wao washibe na harusi ilale njaa. Wakawaweka kuku pale uani, wakipiga mabawa na kupiga makelele, ili wachinjwe na watu wetu wenyewe kwa utaratibu wetu. Mama Anjela akaniita mbele ya watu wote. "Bwana Issa, hawa wanapumua. Njoo uhakikishe."

Uani kote kukawa kicheko. Mama alicheka huku analia, Somoe akatoa kichwa dirishani akacheka, hata Mjomba, aliyeletwa kwa baiskeli, alijifuta macho. Kesho yake wageni wa Sudi wakala pilau ya kuku, wakaisifia, wakaondoka na bibi harusi wao. Hakuna aliyesema Somoe ametoka nyumba isiyo na kitoweo.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Bunduki nyepesi si mbaya. Mwenye kutembea sana porini anaihitaji, bega lake litamshukuru. Lakini usiichague ikiwa mezani. Panda kilima mbio kwanza, halafu uiweke begani ukiwa unahema, uone inavyocheza. Nyepesi hucheza zaidi. Kitako kikugonge shavu bila wewe kukunja shingo. Komeo ulivute bila kushusha bunduki. Uulize risasi zake zinapatikana wapi, maana bunduki isiyo na risasi ni mwiko wa kusongea ugali. Darubini ikikuonyesha mnyama, ishushe kwanza, uitazame nchi iliyo kati yenu kwa macho yako uliyozaliwa nayo. Kisha jiulize swali la Mjomba. Kama huwezi kufika kwake mapema na kisu na moyo safi, usipige, sogea. Mimi tangu mwaka ule nilijifunza kusogea, nikinung'unika, lakini nikisogea.

Na ukikosea, maana utakosea, sema wakati nyama ingali imefunikwa, kabla hujamwona umpendaye akiipeleka mdomoni. Baada ya hapo kusema ni kazi kubwa zaidi, na pengine hutaiweza.

Mungu akupe jicho la kuona mbali na miguu ya kukufikisha ulikokuona. Akupe mjomba wa kukuuliza bila kukusukuma, na dada wa kukusamehe. Akuwekee majirani ambao kuku wao wako hai.

Niliyaandika haya kwa siku mbili, nikamsomea Alois, ambaye sasa naye ana magoti kama ya Mjomba na bado tunapakana. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, unaona, jirani, siku ile ukweli wangu ndio ulioiokoa harusi. Akasema:

"Usingesema wewe jioni ile, ningesema mimi asubuhi. Somoe hakuwa mtu wa kulishwa kibudu na kaka yake."