Twaha Alivyorudisha Maua ya Kahawa

Twaha Rwezaura aliniharibia kazi, na hadi leo ni rafiki yangu. Nalisema hilo mapema ili mjue kwamba anayesimulia hapa ana donge lake kooni. Mimi ni Alistides, dereva wa bodaboda wa Nyakahanga. Kibanja chetu, shamba la migomba na mikahawa, kinapakana na cha kina Twaha, tumekua pamoja, yeye akienda msikitini na baba yake, mimi nikienda kwenye kwaya ya Kilutheri na mama. Kwa miaka sita nilimbeba yeye na magunia yake, na pikipiki hii nilimalizia kuilipa kwa nauli zake.

Kazi yake ilikuwa butura. Kwa asiyetoka kwetu, mambo huwa hivi: mikahawa ikichanua, mlanguzi anaingia kibanjani, anayatazama maua, anakadiria, anatoa fedha taslimu. Tangu hapo kahawa ya miti ile ni yake. Mwenye shamba anabaki kupalilia na kufukuza mbuzi, na kahawa ikiiva mlanguzi anakuja kuchuma. Serikali imepiga marufuku, na kila mwaka tunakumbushwa mkutanoni. Mkutano ukiisha watu wanarudi nyumbani, wanakuta chumvi imekwisha, wanauza maua.

Twaha hakuwa mlanguzi mbaya, kama kuna mlanguzi mzuri. Alilipa kuliko wenzake, na hakumtukana mtu. Lakini faida alipata, tena nono, na mimi nikadondoshewa yangu. Hatukuwa tunaulizana maswali.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi alitoka msikitini akaja kukaa juu ya pikipiki yangu, kofia mkononi. Nikamuuliza kama kuna msiba.

"Leo imamu amefundisha juu ya biashara," akasema. "Kahawa yote ninayonunua ni haramu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kama alivyoelezwa: tunda ambalo halijaanza kuiva haliuzwi likiwa mtini, kwa sababu hakuna ajuaye kama litaiva. Mvua ya mawe ikipiga, mnunuzi amelipia hewa. Kahawa ikistawi na bei ikapanda, aliyeuza amepunjwa. Kwa vyovyote mmoja anakula mali ya mwenzake. Alikuwa amebaki na imamu baada ya sala kumuuliza habari ya maua aliyokwisha kununua msimu ule, vibanja sita. Imamu akamjibu kwamba mauzo hayo hayasimami. Arudishe kahawa kwa wenyewe, na wenyewe wamrudishie fedha ileile, bila hata shilingi juu.

"Sasa wewe unataka kufanya nini?" nikamuuliza, ingawa jibu nililiona usoni mwake.

"Kesho unipeleke nikarudishe."

Tukazunguka siku mbili, Rugera na kwingineko. Sijawahi kuona watu wakiogopa kurudishiwa mali yao namna ile. Mmoja alidhani Twaha anasakwa na polisi. Mwingine alidhani anaumwa na anaaga. Lakini wa Songambele, kule Kyerwa, ndiye nitakayemsimulia, kwa sababu ndiye aliyetuonyesha sote tulivyo.

Huyu ni Benadeta, mjane wa Kikatoliki mwenye kibanja kizuri kuliko vyote sita. Tulimkuta anaanua maharage uani.

"Shikamoo, mama," Twaha akasema.

"Marahaba, baba. Karibuni. Maua yako yamekaa vizuri, nenda kayaone."

"Nimekuja kuyarudisha, mama."

Benadeta akainuka. Aliitazama mikahawa, akamtazama Twaha, akaitazama tena mikahawa. "Umeona nini kwenye miti yangu? Kuna ugonjwa? Niambie tu, waitu, nakusihi, usinifiche."

"Hakuna ugonjwa. Ni dini yangu hainiruhusu kununua kahawa ikiwa maua."

"Mwaka jana ilikuwa inakuruhusu?"

Twaha akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Mwaka jana nilikuwa sijui," akasema.

"Basi zile laki saba ulizonilipa nimenunulia mabati." Benadeta akanyoosha kidole juu ya nyumba, bati jipya linawaka jua. "Unataka nikushushie paa?"

"Sitaki mabati, mama. Ninachotaka ni hiki: kahawa ni yako yote. Ikiiva, ichume mwenyewe, ipeleke kwenye chama cha ushirika kwa jina lako. Ukilipwa, ndipo unirudishie laki saba zangu. Bei ikipanda, faida ni yako. Kahawa ikikataa, tutangoja msimu mwingine, sitakudai zaidi."

Mama wa watu alinivuta pembeni, akaniuliza kwa Kinyambo kama mwenzangu ni mzima. Nikamwambia kwamba hata mimi najiuliza.

Njiani kurudi nilimpa maneno yake. Nilimwambia amejipalia makaa mwenyewe, mtaji wote ameutawanya kwenye mapaa na matumbo ya watu hadi mwezi wa sita kahawa itakapoiva, na nauli yangu nitalipwa na nani? Alinijibu kwamba amelala vizuri usiku uliopita. Nilikasirika zaidi. Mtu amelala vizuri, mimi nina marejesho ya mkopo wa matairi.

Tangu hapo ikawa ni kuhangaika. Twaha alifungua kibanda cha sabuni na mafuta ya taa kando ya barabara, akawa anauza kidogo kidogo. Mkewe, Kantengwa, ndiye aliyebaki na kibanja chao, kulima, kupalilia, kulisha watoto wanne. Kantengwa ni mwanamke wa maneno machache, na yale machache yanatosha. Siku moja nilipita kuomba maji, akaniambia, "Mume wangu ametubu, shemeji. Ametubu kwa hela ya unga." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye aliendelea kuosha vyombo.

Mwezi wa kwanza, Benadeta akapiga simu. Nilikuwapo kibandani, nilisikia. Binti yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uzazi, mtoto mzima, mama mzima, lakini kulikuwa na laki tatu za kulipa na yeye hana hata elfu kumi. Hakumpigia ndugu. Alimpigia Twaha, kwa sababu kwa miaka yote ile Twaha ndiye aliyekuwa mtu wa kumpa fedha pale anapoihitaji.

Twaha hakuwa nayo. Fedha yake ilikuwa juu ya nyumba ya Benadeta mwenyewe na kwenye nyumba nyingine tano. Akamtumia elfu ishirini kwa simu, akamsihi sana. "Vumilia, mama. Kahawa yako bado mbichi, usimuuzie mtu. Ikiiva utaona fedha ambayo hujawahi kuiona. Mungu atafungua njia."

Kusema kweli, nilimwona kama mtakatifu siku ile. Leo najionea aibu.

Jioni ileile alinitaka nimpeleke msikitini. Aliomba wamkopeshe mama yule, mkopo mwema usio na riba, alipe mwezi wa sita. Wazee wakamsikiliza kwa adabu. Walisema ni jambo jema sana, la thawabu. Ila fedha iliyopo ni ya kujengea vyoo, imeshapangiwa, na kamati hukaa mwisho wa mwezi. Akarudi mwisho wa mwezi. Kamati haikutimia. Akarudi tena. Wakamwambia mama mwenyewe si Mwislamu, inabidi waulize. Twaha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo kwamba kahawa ya mama yule haina dini. Nilimshika mkono tukatoka.

Mimi Mlutheri nawasema wazee wa msikiti, lakini kwetu kanisani ningeomba wapi? Nimewahi kuomba. Waliniombea.

Basi mwezi wa sita ukafika, na bei ikawa imepanda kama alivyosema. Kilo ya kahawa ya maganda ilikuwa imefika mahali ambapo kibanja cha Benadeta kingempa zaidi ya milioni mbili. Twaha alikuwa na furaha ya mtoto. Alinunua magunia mawili mapya ya kumpelekea zawadi, tukaondoka alfajiri kwenda Songambele, mwendo wa saa moja na nusu, vumbi hadi kwenye meno.

Tulipokaribia tukasikia matawi yanavunjika.

Vijana watano walikuwa ndani ya mikahawa, wanakwanyua mbivu na mbichi pamoja, majani na vyote, wanatupa kwenye turubai. Pembeni amekaa Egbert, mlanguzi aliyechukua njia zote ambazo Twaha aliziacha. Alitusalimu vizuri kabisa. Akasema kahawa hii ni yake tangu mwezi wa pili, alilipa laki nne. Na ili asizungushwe, laini ya simu ya mama anayo yeye mfukoni. Kahawa itaingia chamani kwa jina la Benadeta, malipo yataingia kwenye laini, naye ndiye mwenye namba ya siri. Alivyokuwa anaeleza, ungedhani anatusomea tangazo la kanisani.

Twaha alikwenda moja kwa moja uani. Hakusalimia, yeye anayesalimia hata kuku.

"Mama, nilikurudishia kahawa yako. Nilikula hasara, nilifunga biashara. Kwa nini umeuza tena?"

Benadeta alikuwa amemshika yule mjukuu, mtoto wa miezi mitano, mnene, anakula ngumi yake. Hakuona haya hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nilikupigia kabla ya kumpigia yeye," akasema. "Ulinirudishia maua, baba, nikakushukuru. Lakini maua nitayapeleka hospitali wayapokee? Huyu mbaya alikuja na laki nne mkononi. Wewe mwema ulikuja na subira."

Kisha akamwambia kwamba deni lake la laki saba analijua, na kama anataka achukue mbuzi wawili waanze nao. Twaha akakataa mbuzi. Akasema atangoja. Akayaweka yale magunia mapya mlangoni, akageuka, akapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa natukana. Nilimtukana Egbert, nikawatukana wazee wa kamati na vyoo vyao, nikamtukana na Benadeta, halafu nikanyamaza, kwa sababu yeye nilimtukana bure.

Siku tatu baadaye, asubuhi, nikasikia matawi yanavunjika tena. Safari hii ni upande wa pili wa ua wangu.

Nilipofika nilimkuta Twaha amesimama katikati ya kibanja chake mwenyewe, vijana wa Egbert wamemzunguka wanakwanyua. Kantengwa alikuwa mlangoni, mikono kifuani.

"Niliuza mimi," alikuwa anamwambia mumewe. "Mwezi wa tatu. Laki mbili na nusu. Unga ulikuwa umekwisha, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, wewe uko kwa kamati unamwombea mama wa Songambele. Ungeniambia nini? Ungeniambia nivumilie."

Nilimshika Twaha bega. Nilimwambia aende ofisi ya kijiji akashtaki, butura imekatazwa, Egbert atafungwa. Tena yeye mwenye mali hakuridhia, kwa hiyo mauzo hayo kwa dini yake hayasimami mara mbili. Akanisikiliza.

"Ni kweli hayasimami," akasema. "Basi namrudishia laki mbili na nusu zake kwa fedha gani? Zimekwisha kuliwa. Nami nimekula."

Msimamizi wa Egbert alitutazama tu, akaendelea kuhesabu magunia. Kijana mmoja akavuta tawi, likachanika hadi kwenye shina. Hapo Twaha akaruka. Nilidhani anakwenda kumpiga. Alimnyang'anya tawi, akamwonyesha jinsi ya kuchuma: nyekundu moja moja kwa vidole, kijani ziachwe, tawi lishikwe kwa mkono wa pili. Kijana hakuelewa au hakutaka. Twaha akachukua kapu la mkewe, akaanza kuchuma mwenyewe. Alichuma mti mmoja, akaenda wa pili. Alikuwa anaiokoa miti yake, na kila kapu lililojaa alilimwaga kwenye turubai la Egbert.

Mimi nilishindwa kuchuma na nikashindwa kuondoka. Nilikaa juu ya pikipiki nikihesabu makapu yake.

Saa saba walimaliza. Msimamizi akawapanga wachumaji, akawa analipa kwa debe. Alipofika kwa Twaha hakusita, alihesabu madebe yake manne, akamwekea mkononi elfu nne, kama kibarua mwingine yeyote. Nilitaka azitupe. Nilimwomba kwa macho azitupe usoni mwa msimamizi.

Twaha alizitazama zile noti. Akashukuru, akavuka ua hadi mlangoni, akampa Kantengwa.

"Hii ni halali," akamwambia. "Nimeifanyia kazi. Kanunue unga."

Kantengwa alizipokea bila kumtazama, akajifunga khanga, akaenda dukani.