Redio Alipohamishiwa Jikoni

Mama Shuka aliomba mwenyewe. Hilo tulimalize mapema, asije mtu akamlaumu msimamizi bure. Alikwenda ofisini kwa miguu yake, akafunga mlango, akasema, "Bosi, nitenganishe na yule mwanamke kabla sijapata wazimu."

Yule mwanamke ni Redio. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa sababu akiingia asubuhi alikuwa amekwisha kuwaka, na hakuna aliyejua pa kumzimia. Yeye na Mama Shuka walikunja mashuka ya wagonjwa pamoja miaka nenda miaka rudi. Shuka la hospitali ni refu, halikunjwi na mtu mmoja likakaa sawa. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule, wanalivuta mpaka linyooke, wanasogeleana, vidole vinakutana, mmoja anaachia na kudaka upande wa chini, kisha wanarudi nyuma tena. Kutwa walikuwa wakikutana na kuachana hivyo, na kutwa Redio alikuwa akisema: mke wa mwanawe aliyekuja kwa siku chache na sasa amebadilisha mapazia, jino lake la nyuma, jirani aliyesogeza uzio. Mama Shuka alivuta, akakunja, akaguna "mh" pale ilipobidi. Akifika nyumbani humwambia mumewe kwamba masikio yamemvimba.

Basi mashine ya kukunja ikanunuliwa, na Redio akapelekwa jikoni kumenya viazi. Siku za mwanzo Mama Shuka aliimba. Mashine ilimeza shuka huku ikalitema kule limekunjwa, wala haikuwa na mke wa mwana wala jino. Halafu, sijui niseme lini, mambo yakaanza kwenda mrama. Akawa anailisha mashine mashuka kombo. Marundo yakapanda mpaka dirishani, wodi zikapiga simu kuuliza wagonjwa walalie nini. Asubuhi alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kuviangalia viatu vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akapimwa damu, ikaonekana damu haina neno.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye semina ya kuwapa wafanyakazi ari, na huko alifundishwa kwamba mahitaji ya binadamu ni ngazi. Akamwita Mama Shuka, akaichora ubaoni: kipandio cha chini chakula na usingizi, cha pili usalama, kisha upendo, kisha heshima, na juu kabisa kutimiza kipaji chako.

"Unakula?"

"Nakula, Bosi."

"Nyumba haivuji?"

"Haivuji."

"Na nyumbani, eh... mnapendana?"

Mama Shuka akatazama sakafu. "Tunasikilizana."

Ikabaki heshima. Akaletewa kiti chenye mgongo na feni yake peke yake, na picha yake ikatundikwa karibu na mlango, chini yake pameandikwa Mfanyakazi Bora. Picha ikawa inatabasamu, na marundo yanazidi. Mwishowe msimamizi akamwita tena.

"Mama, nimefika mwisho wa akili zangu. Ijumaa uniambie kitu kimoja tu: unahitaji nini? Nikikijua nitakitafuta. Nisipokijua, itabidi mashine nimpe mtu mwingine, nawe ukapumzike nyumbani. Wagonjwa hawawezi kulalia godoro tupu."

Maneno yale yalimkata maini. Aliingia chumba kile akiwa msichana, na nje yake hakujijua yeye ni nani. Isitoshe, swali lenyewe lilikuwa geni. Maisha yake yote watu walimuuliza kimebaki nini, kimeiva nini, kimepotea nini. Anahitaji nini! Akajitafuta ndani kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mkoba, asiupate.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu tayari. Mumewe, fundi saa, alisema aombe nyongeza ya mshahara, kwani bahati haibishi hodi kila siku. Dada yake alisema likizo. Binti yake mkubwa, aliyekuwa chuoni na maneno yake yalikuwa ya chuoni, alimwambia, "Mama, tatizo lako hujawahi kujitambua."

"Nimejitambua kabla hujazaliwa. Osha vyombo."

Mumewe akacheka, kisha akasema taratibu, "Lakini siku hizi humsemi hata yule Redio wako. Meza yetu imepoa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Redio? Mimi nimkose Redio?" Mama Shuka akaondoka mezani kwa hasira, na hasira yenyewe ikamchanganya. Mtu humkasirikiaje mwenzake kwa jambo ambalo si kweli?

Alhamisi alichukua shuka kapuni, akashika pembe mbili, akasimama. Akasimama tu. Mashine ilipolia ndipo aliposhtuka kwamba alikuwa akingoja mtu avute upande wa pili. Akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, akalitupa shuka, akaenda jikoni.

Redio alikuwa ameketi na wamenyaji wenzake kuzunguka karai kubwa, wote wakisema kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake, vicheko juu. Alikuwa amenawiri.

"Mama Shuka! Kulikoni, chai imechelewa?"

"Nimekuja kukuangalia. Nilikuwa nafikiri, kama ungependa kurudi, naweza kumwambia Bosi."

Redio akaweka kisu chini. "Unajua kwamba najua aliyeomba nihamishwe? Bosi hajui kunong'ona."

Mama Shuka akaokota ganda la kiazi lililoanguka, akalirudisha karaini.

"Sikukasirika, dada. Lakini sirudi. Kule nilikuwa naongea na ukuta. Unadhani kwa nini nilikuwa sinyamazi? Nilikuwa nangoja siku moja uniulize kitu. Au unitukane, basi, nijue kuna mtu nyuma ya lile shuka. Vidole vyako navijua kuliko vyangu, lakini mpaka leo sijui kama una watoto."

Wamenyaji wakainamia viazi vyao. Mama Shuka akarudi kwenye mashine yake uso unawaka. Miaka yote alidhani ni yeye anayevumilia.

Ijumaa msimamizi alimkuta mlangoni mwa ofisi yake.

"Nipeleke jikoni, Bosi. Nikamenye viazi."

"Mama, huko ni kushuka! Hata mshahara utashuka." Akageukia ubao wake. "Hebu nisaidie na mimi nielewe. Hiki unachokitaka kiko kipandio kipi?"

Mama Shuka akaitazama ngazi kwa moyo safi, juu mpaka chini. "Sijui, Bosi. Kila kipandio naona nimeshakikanyaga. Wala sina hakika jikoni ndiko kwenyewe."

Msimamizi akafuta kipandio kimoja, akakichora tena palepale, akakubali kumjaribu mwezi mmoja. Ikishindikana, nyumbani.

Jumatatu alipewa kisu na aproni. Redio akasogea kumpa nafasi kwenye benchi, akaendelea na wenzake: mapazia, uzio, jino lililong'olewa hatimaye. Alipomaliza akanyamaza, akamenya. Mama Shuka hakuwahi kumsikia Redio amenyamaza, na kimya kile kilimtia hofu. Wote walikuwa wakisubiri, na hakukuwa na mwingine wa kusubiriwa ila yeye. Watu huanzaje? Wanaokota wapi neno la kwanza? Akafikiria kukimbilia mashine yake, ambayo haikuwahi kumtaka chochote.

"Ninao watatu," akasema, akikiangalia kiazi.

"Watatu nini?"

"Watoto. Wa kwanza ananiambia sijajitambua."

Redio akapiga kofi gotini. "Anakwambia hivyo wewe, mama yake mzazi? Nawe ukamjibu nini?"

Mama Shuka akaanza kusimulia, vibaya, akirudia maneno, akisahau mwanzo na kuurudia, na kiazi mkononi mwake kikazidi kumenywa mpaka kikabaki kama jicho la samaki.