Nimekoroma kwa ajili ya mkwe wangu

Leo wamama wa kanisani wamenikuta nakoroma mchana kweupe. Na wala sikuwa nimelala!

Ngojeni niwaambie.

Mkwe wangu Neema ana mimba ya kupandikizwa hospitali. Yeye na mwanangu wamehangaika miaka mingi. Sasa mimba imeshika, usingizi umekimbia. Usiku akigeuka tu, anaogopa mtoto atachomoka. Nesi kasema hachomoki, na alale hata mchana.

Lakini mkwe gani wa Kimeru atalala mchana huku mama mkwe anamenya ndizi? Namwambia lala, ananijibu, "Hapana Mama, nipe kisu nikusaidie." Na macho mekundu kama pilipili!

Nikaweka kisu chini. Nikajilaza kwenye mkeka, nikakoroma kama trekta. Mimi, ambaye kulala mchana nakuita uvivu!

Kidogo nasikia kochi linalia. Neema kajinyoosha. Baada ya muda anakoroma kunishinda.

Ndipo wale wamama wa kanisani wakaingia. "Jamani! Mkwe kalala, mama mkwe kalala, nani anapika?" Huyo ni Mama Anaeli, sauti yake inafika hadi kule mbali Momela.

Nikafungua jicho moja. "Ukimwamsha, hiyo mimba utabeba wewe."

Wakamenya ndizi zote kwa kunong'ona.

Neema kaamka jua limeshuka, kashika mdomo. "Mama, nisamehe, nimelala!"

"Nikusamehe nini? Leo ndiyo umenilelea mjukuu wangu."

Najivuna, sifichi. Na wewe mwenye mkwe mjamzito, wako umemlaza?