Swali la Mama kwa Kakakuona

Kisiwa chenyewe ni kidogo kiasi kwamba ukianza kukizunguka na kikombe cha chai mkononi, unarudi ulipoanzia chai ikiwa bado ya moto. Kiko katikati ya bwawa la shamba la zamani la kahawa huku Mbozi. Walipoziba kijito, maji yalijaa bondeni na kilima kimoja kikabaki kichwa nje. Daktari mmoja wa mifugo, mstaafu, alikikodi baada ya kumzika mkewe, akajenga mabanda na kuanza kutunza wanyama ambao wanakaribia kwisha duniani. Watu walisema mzee amechanganyikiwa. Mimi niliomba kazi kwake kwa sababu ilikuwa kazi, nikakaa miaka sita.

Wanyama wengi walitoka Tunduma, mpakani. Watu wa maliasili wakikuta gunia linalopumua ndani ya lori, walimpigia daktari. Tulipokea kobe waliotobolewa magamba ili wafungwe kamba, na kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu waliovushwa kutoka Kongo kupitia Zambia. Kasuku mmoja alikuwa anakohoa. Hakuwa mgonjwa, aliiga kikohozi kikavu cha mzee fulani, kisha anaguna "eeh" kama mtu anayeketi kitandani. Nyumba ya huyo mzee hatukuijua, wala kama bado yuko hai. Mara nyingi nilijikuta nafagia banda huku nasema "pole, baba" kabla sijakumbuka kwamba naongea na ndege. Mengine yote ya kisiwani niliyazoea, kikohozi kile sikukizoea.

Kakakuona aliletwa mwanzoni mwa mvua. Alikuwa jike, amekonda, na magamba yake ya mgongoni yalikuwa yamesagika kwa kusuguana na chuma. Daktari aliniambia mnyama huyu hali anachopewa bandani. Lazima atembee, anuse, achimbe mwenyewe, la sivyo atakufa na chakula kiko mbele yake. Basi kila alasiri nikawa natembea nyuma yake. Hutembea kwa miguu miwili ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, kama mtu aliyechelewa ibada na anatafuta pa kukaa bila kuonekana. Ndani ya miezi miwili alimaliza mchwa na sisimizi wote wa kisiwa. Kuanzia hapo kila asubuhi nilichimba kichuguu ng'ambo, nikajaza ndoo, nikavuka nayo kwenye chelezo letu la mapipa kwa kuvuta kamba. Nikimwaga udongo ule, alikuwa anausikia kwa pua kutoka upande wa pili wa kisiwa.

Kwetu huyu si mnyama wa kupita tu. Anaweza kupotea miaka na miaka, na siku akionekana watu wanaacha majembe shambani. Anawekewa vitu mbele yake: unga, maji, jembe, panga. Akiyaendea maji, mvua ipo. Akiliendea panga, watu wanarudi majumbani bila kuongea. Wazee walipopata habari walikuja hadi ukingoni na viti vyao, wakaomba avushwe. Daktari alikataa katakata.

"Hapa ni hospitali," aliwaambia. "Mgonjwa haulizwi habari za mvua."

Mzee mmoja akamjibu kwamba mwaka ukiharibika atajua wa kumlaumu. Waliondoka wamenuna, na mimi nilicheka. Sisi ni watu wa kanisa. Mama yangu ni mzee wa kanisa pale Itaka, anashika ufunguo wa sanduku la sadaka. Nilidhani mambo ya kakakuona hayatatuhusu.

Lazima niseme sasa habari za mdogo wangu wa kiume, maana bila yeye hakuna cha kusimulia. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwongo kidogo. Alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi migodini Kongo. Alipiga simu mara mbili, akasema mambo yanakwenda, kisha kimya. Kimya hicho kilimaliza miaka minne. Kila Jumamosi mama alinitoa nyumbani twende Tunduma kwenye foleni ya malori. Tulitembea kutoka lori hadi lori na picha yake, mama akisalimia "mulishani" kwa madereva wa Zambia kwa lafudhi iliyowachekesha, akiuliza kama kuna aliyemwona huyu. Kulikuwa na waliosema labda, kwa huruma. Labda moja ilimlisha mama mwezi mzima. Alikuwa anakonda, usingizi hapati, shamba la kahawa limeota majani, na Jumamosi zangu zote ziliishia kwenye moshi wa malori. Niseme ukweli: nilimchukia mdogo wangu kwa kutokufa na kutorudi.

Mama alikuja kisiwani siku ambayo daktari alikuwa amekwenda Vwawa. Nilimwona amesimama ng'ambo na kikapu, amejitanda kitambaa chake cha kanisani. Nikajua anataka nini kabla sijamfikia.

"Mama, usianze," nilimwambia.

"Sijasema kitu mimi."

"Wewe ni mzee wa kanisa."

"Na ni mama wa mtu," akasema. "Mchungaji nimemwuliza miaka minne. Ananiambia nisubiri. Nivushe, mwanangu."

Nilimvusha. Alishika kamba kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo inasali. Ulikuwa ni upuuzi juu ya upuuzi, kwa sababu hata kwa wenye kuamini, kakakuona huulizwa na kijiji kizima juu ya mambo ya kijiji kizima. Hakuna mtu anayekwenda peke yake kumwuliza habari za mwanawe. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alikuwa amefika mahali ambapo angemwuliza hata jiwe.

Karibu na banda akatoa vitu kikapuni. Shati la mdogo wangu, lile la mistari ya bluu, ambalo mama hakuwahi kulifua. Bakuli la maji. Sahani ya bati, tupu.

"Shati, anarudi," alisema. "Maji, yu hai lakini harudi."

"Na sahani?"

"Ni ya udongo." Aliisukuma kuelekea kwangu. "Udongo nimeshindwa kuuchukua kwa mkono wangu. Kautafute wewe."

Nilizunguka nyuma ya stoo. Hatua kumi mbele yangu palikuwa na migomba, na chini yake udongo mweusi, laini, usio na kitu. Karibu na mguu wangu palikuwa na ndoo ya kichuguu niliyoichimba asubuhi. Niliinama nikachota kutoka kwenye ndoo.

Nimeirudia hatua hiyo mara nyingi kichwani kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Kama mtu angeniuliza mbele ya madhabahu, ningesema sikufikiri, mkono ulikwenda palipo karibu. Lakini nilikuwa mlishaji wa yule mnyama. Nilijua ananusa nini na kwa umbali gani. Udongo sahanini ulikuwa unatembea kwa wadudu, na mimi niliupapasa juu kwa kiganja ili mama asiwaone. Mkono usiofikiri haufanyi hivyo.

Nikafungua banda. Alitoka taratibu, pua chini. Alifika kwenye shati akasimama, akalinusa kola kwa muda mrefu, na mama akamwita mdogo wangu kwa jina la utotoni, kwa sauti ndogo ya kumwamsha mtoto. Nilitamani abaki hapo. Nasema kweli, dakika ile nilitamani, nikasogeza mguu nataka kuipiga teke ile sahani. Sikuipiga. Kakakuona aliliacha shati, hakuyagusa maji, akaweka mikono yake juu ya sahani na kutoa ulimi.

Mama hakulia. Alitazama hadi sahani ikabaki vumbi, kisha akamwaga maji kwenye shina la mti, akakunja shati.

"Basi," alisema. "Asante, mama." Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamshukuru mnyama.

Tulikaa matanga siku tatu. Mwili haukuwepo, kwa hiyo kaburi hatukuchimba. Mchungaji alikataa kuendesha ibada ya mazishi. Alikuja akaomba sala fupi ya faraja, akanywa uji akaondoka. Mama alinyolewa. Wajomba walikuja kutoka Mbebe na mahindi na kuku, wakamlilia mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Siku ya nne mama aligawa nguo za mdogo wangu. Kipande cha kahawa alichokuwa amemtengea akampa binamu yetu. Simu yake mwenyewe, ambayo kwa miaka minne alilala nayo kifuani kwa kuwa ndiyo namba pekee mdogo wangu aliyoijua kwa kichwa, aliizima, akaifunga ndani ya soksi na kuiweka juu ya kabati.

Kisha akapona, na hapo ndipo adhabu yangu ilipoanza. Alilala usiku kucha. Alinenepa. Alipalilia shamba, akarudi kwaya, akawa anacheka na majirani hadi nasikia nikiwa barabarani. Jumamosi hatukwenda tena Tunduma. Watu walimwambia Mungu amemfariji na yeye akaitikia amina. Mimi nilikuwa namwangalia akila, na chakula changu nawapelekea kuku. Ningemwambia nini? Kwamba waliomzika mwanawe ni mnyama mwenye njaa na binti mwenye hasira?

Kisiwani mambo yalibadilika, au mimi nilibadilika. Kila asubuhi nilipiga jembe kichuguuni na kila asubuhi nilisikia ninafukua mtu. Nilihamisha banda la yule kasuku mwenye kikohozi hadi mwisho wa kisiwa, na bado nilimsikia. Mvua zilipokwisha, kakakuona akawa amenona, na watu wa maliasili wakaja kumchukua kumrudisha porini, kule chini kuelekea Momba. Daktari alifurahi sana, alinishika mkono akasema nimeokoa roho. Niliomba ruhusa nikaenda kukaa chooni.

Ulipita mwaka na zaidi. Msimu wa kahawa ulipoanza, chama cha ushirika kikataka kila mkulima awe na namba ya simu ya kupokelea ujumbe. Mama alishusha ile soksi, akanipa simu.

"Nenda Tunduma wakaniwashie laini," alisema. "Hii ya siku zote."

Nilikwenda duka la simu karibu na stendi. Dada wa pale aliiangalia laini, akabonyezabonyeza mashine yake, akatikisa kichwa.

"Dada, hii imelala sana. Wameshaifunga, namba wamempa mtu mwingine. Chukua mpya tu."

Sijui kwa nini niliipiga. Labda nilitaka kusikia nani anakaa ndani ya namba ya mama. Nilitoka nje, nikaketi kwenye ngazi za duka. Akapokea mwanamke, lafudhi ya mbali, akasema yuko Singida. Nilimweleza kwamba namba yake zamani ilikuwa ya mama yangu, samahani kwa usumbufu.

Akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye dada yake."

"Dada yake nani?"

"Yule kaka anayemtafuta mama yake."

Alinisimulia yote, na sikumkatiza. Ilikuwa namba ya nje, na nyuma yake kelele za vyuma. Mara ya kwanza kaka huyo alisema tu, "Mama, ni mimi." Yule mwanamke akamjibu amekosea namba. Mara ya pili aliitaja namba tarakimu kwa tarakimu, akasema ni hii hii, mama yake hawezi kuiacha hata iweje. Mara ya tatu aliuliza laini hii ameipataje, na kama mama yake amekufa.

"Mume wangu alikuwa ameketi hapa ananitazama," alisema yule mwanamke. "Alishaanza kunigombeza, mwanaume gani huyu anapiga kila mara. Nikataka aache tu. Nikamwambia ndiyo, alikufa, pole sana. Alilia, dada. Akaniuliza ni nani aliyemzika. Nikakata, nikazifungia namba zote za nje zisiingie, yake nikaifuta."

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka. Nisamehe, dada. Mimi sikujua."

Nilimwambia hana kosa. Nilimwomba aondoe lile zuio, na yule kaka akipiga tena ampe namba yangu, akaahidi. Tangu hapo nimempigia kila Jumapili na kila Jumapili ananijibu kwa upole kwamba bado. Siku ile nilikaa kwenye ngazi hadi dada wa duka akaja kuniuliza kama naumwa. Nikanunua laini mpya.

Nilimkuta mama barazani anachambua kahawa, anaimba pambio. Aliweka ungo chini akanipokea simu, akaigeuza.

"Wameiwasha?"

"Imechukuliwa na mtu mwingine, mama. Nimekununulia mpya."

Nilikuwa nimejipanga njia nzima namna ya kumwambia. Nilikuwa nimefika hadi kwenye neno la kwanza. Alinitazama na uso wake ulionawiri, akatabasamu, akarudisha ungo mapajani.

"Haya, mpya itafaa," alisema. "Kwani nani amebaki anayeijua ile ya zamani?"

Nikamwambia hakuna.