Nilimfunga mama mmoja tepu ya wachezaji mguuni, nikafurahi aliponiambia hasikii maumivu

Wakuu, heshima kwa waliotangulia, na wadogo zangu nawasalimu pia.

Kwa miaka mingi humu nimekuwa msomaji tu. Leo naandika kwa sababu juzi mwanachama mmoja aliuliza kama tepu ya wachezaji inaweza kumsaidia mama yake anayelalamika miguu, na watu kama kumi wakamjibu "ndiyo mkuu, mfunge tu."

Nilisoma yale majibu nikaanza kuandika.

Nitasimulia nilichofanya mimi, kwa mikono yangu hii. Sitaruka hata pale panaponiaibisha. Kiswahili changu ni cha Bukavu kilichochanganyika na cha humu, mtanivumilia.

Mwaka 2013 nilikuwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, beki wa kushoto wa timu ya Wakongo. Uwanja wetu ulikuwa udongo mkavu wenye mashimo, na kila wiki kuna mtu anateguka.

Mwaka mmoja kabla alikuja mzungu mmoja mtaalamu wa viungo, sisi Wakongo tunasema kine. Alikaa wiki mbili akifundisha makocha kufunga tepu. Mimi nilikuwa na kifundo kibovu, kwa hiyo nikawa mguu wake wa mfano. Kila siku ananifunga, ananifungua, watu wanaangalia.

Nilijifunza haraka. Unaanza na mzunguko mmoja juu ya kifundo, huo ndio msingi. Halafu tepu inashuka upande wa ndani, inapita chini ya kisigino, inapanda upande wa nje, inavutwa ili mguu usipinduke. Mara tatu. Kisha unafunga.

Ila kabla ya kufunga, yule kine alikuwa na mambo yake ambayo kwangu yalikuwa kama mbwembwe. Anakagua ngozi. Ananiambia nifumbe macho, anapitisha kalamu kwenye unyayo, anauliza: unasikia? Wapi? Akimaliza kufunga anabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka unakuwa mweupe, anasubiri damu irudi. Na mazoezi yakiisha tepu inatolewa siku hiyo hiyo. Hapo hakuwa na mchezo.

Alipoondoka aliniachia boksi la tepu.

Nilishika ufundi wa mikono. Maswali yake nikayaacha.

Basi jina likakua. Jumamosi asubuhi wachezaji wanapanga foleni mlangoni kwangu. Wakaanza kuniita Docta. Mwanzoni ulikuwa utani. Baada ya miezi michache hata wazee kanisani wananiita Docta bila kucheka, na mimi naitika bila kucheka.

Wakuu, jina ni kitu kitamu. Wale mnaoitwa injinia mtaani na hamjasoma mnanielewa.

Mwezi wa kumi, joto kali la kabla ya mvua, akaja Mama Zawadi.

Huyu ni mama wa Uvira, miaka hamsini na kitu, sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Alikuwa anauza vitenge Lilongwe. Si dukani. Anabeba kichwani, anatembea nyumba kwa nyumba Chilinde, kesho yake Area 23, siku nzima, ndani ya viatu vyeusi vya plastiki vilivyofunika mguu wote. Binti yake Zawadi alikuwa mshonaji, anashona vile vitenge visivyouzika.

Akaketi, akavua kiatu.

"Docta, banasema ukifunga batoto ya mpira banakimbia sawa swala. Mi natembeaka kuliko bale batoto. Unifunge nami."

Nikaangalia mguu. Ngozi kavu, kisigino kimepasuka, na chini ya kidole gumba kuna lengelenge kubwa limeanza kufunguka. Nikabonyeza pembeni yake. Mtu mwingine angeruka. Yeye alikuwa anaangalia dirishani.

"Inakuuma?"

"Haiumake, mwanangu. Inakuwaka tu sawa vile nakanyaga pamba."

Pamba.

Naomba mlishike hilo neno, kwa sababu mimi sikulishika. Nililifurahia. Nilijiambia, afadhali, haumwi, kazi itakuwa nyepesi. Nikafunika lengelenge kwa kipande cha tepu, nikazungusha nyingine chini ya upinde wa unyayo, nikavuta vizuri.

Wiki iliyofuata akarudi na ndizi kwenye mfuko.

"Docta, we ni mutu wa ajabu! Nafika Area 23, narudi Chilinde, sisikie kitu!"

Nikamfunga tena. Ikawa kila Jumatatu. Niligundua kwamba haitoi tepu wiki nzima, anaoga nayo, kwa sababu anaiona kitu cha thamani. Sikumwambia kitu. Boksi lilikuwa linaelekea kuisha, na kama angetoa kila siku ningemfungia na nini?

Niligundua pia kwamba kila akija anamaliza chupa nzima ya maji na kuomba nyingine. Nikadhani ni joto.

Wiki tano zikapita hivyo.

Mvua ya kwanza ikaanguka siku ya Alhamisi. Ilimkuta Area 23, akarudi ameloa mpaka magotini. Hakutoa tepu. Viatu alivianika nje, vikapata jua kidogo, Ijumaa akavivaa tena akaenda kazini.

Jumapili kwenye ibada nikaona nafasi yake kwenye kwaya iko wazi. Ibada ilipoisha Zawadi alikuwa ananisubiri nje ya kanisa.

"Docta, mama iko na homa. Iko anatetemeka. Na nyumba iko inanuka, sijue ni nini."

Nilijua kabla hatujafika. Sijui nilijuaje.

Mlango ulipofunguliwa harufu ikatoka kwanza. Mama Zawadi alikuwa amelala kwenye mkeka, shuka mpaka shingoni, saa sita mchana ya Malawi mwezi wa kumi na moja. Akatabasamu.

"Juu ya nini munanitazama vile? Haiko inauma."

Tepu niliyoifunga Jumatatu ikiwa nyeupe sasa ilikuwa kahawia, na pembeni kunatoka maji ya njano. Nikaomba maji ya uvuguvugu, nikailowesha, nikaanza kuitoa polepole. Ilikuja na ngozi. Ngozi yote, kama unavyomenya nyanya iliyochemshwa. Na yule mama alikuwa ananiuliza kama vijana wameshinda mechi.

Pale lilipokuwa lengelenge kulikuwa na shimo. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kinachokifuata kilikuwa cheusi.

Sasa wakuu, hapa ndipo pa aibu.

Kitu cha kwanza nilichokiwaza si mguu. Niliwaza jina langu. Niliwaza watu watasema nini pale uwanjani. Nikasikia sauti yangu inamwambia Zawadi, tena kwa upole wa kidaktari kabisa, "Tuoshe kwa maji ya chumvi, tuache wazi ipate hewa, kesho tutaona."

Zawadi hakusogea. Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu jina lile lishike, hakuniita Docta, aliniita jina langu.

"Byamungu. Ulisomeaka wapi hii kazi?"

Nikasikia redio ya jirani. Nikasikia mama anavyopumua, haraka haraka, kama mtu aliyekimbia.

"Sikusomaka," nikasema.

"Basi simama. Tupeleke mama kwa bale balisoma."

Tukaita kabaza, baiskeli ya abiria, Mama Zawadi akakalishwa nyuma, mimi namshikilia upande huu, Zawadi upande ule. Kliniki ya kambi ilikuwa na nesi mmoja wa zamu. Alipofunua kitambaa tulichomfunika mguu akarudi hatua moja. Akamchoma mama kidole, tone la damu kwenye kipimo. Kipimo hakikuleta namba. Kilileta herufi tu, maana yake sukari imepita mahali kinapoweza kuhesabu.

"Amayi, una ugonjwa wa sukari tangu lini?" nesi akauliza, nami nikatafsiri.

"Sukari? Mi sinywake hata chai ya sukari."

Hakuwa anajua. Sukari ilikuwa imeshaua mishipa ya fahamu ya miguu yake zamani, ndiyo ile pamba. Mguu ulikuwa unaliwa na yeye hana habari, na mimi kila Jumatatu naufunika vizuri usionekane.

Ambulansi ikatoka na sisi saa hiyo hiyo. Njiani mama aliomba maji mara tatu. Zawadi hakunitazama hata mara moja.

Hospitali kubwa ya Lilongwe tulipokelewa na daktari kijana, Mmalawi, mpole, anaongea Kiingereza. Kati yetu watatu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua Kiingereza. Mama Zawadi alikuwa na Kichewa cha sokoni, cha kuuza kitenge, si cha kukatwa mguu.

Daktari akaniambia, "Mwambie tunakata vidole viwili leo. Tukifungua tukakuta usaha umepanda juu, tutakata chini ya goti. Lazima akubali mwenyewe."

Nikamwambia. Neno kwa neno.

Mama Zawadi akamtazama daktari. "Muulize kama nitaweza kusimama kanisani."

Daktari akasema hawezi kuahidi. Kisha akachukua kipande cha tepu kilichobaki kimeganda kwenye kifundo, akakiinua kwa kibano. "Na muulize, hii nani alimfunga?"

Wakuu, mkalimani ni mtu wa kuogopwa. Watu wawili wananitazama mdomo, na katikati yao niko mimi peke yangu. Ningeweza kumuuliza mama kama ana mzio wa dawa. Nani angejua?

"Mama," nikasema, "anauliza nani alikufunga sparadra, hii tepu."

Akanitazama. Homa ilikuwa imempanda, macho mekundu, lakini alikuwa mzima kabisa akilini.

"Mwambiye nilijifunga mi mwenyewe."

Zawadi akasema, "Mama!"

"Nyamaza we. Mwambiye vile."

Alikuwa ananipa mlango, yule mama. Hatua moja tu na mimi niko nje, safi, na jina langu mkononi.

Daktari akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema alijifunga mwenyewe." Nikaongeza, "Si kweli. Nilimfunga mimi. Mimi ni mcheza mpira, sijasomea."

Nilisubiri anitukane, au aite askari. Akachukua kalamu.

"Lengelenge uliliona lini mara ya kwanza?"

"Wiki tano."

"Na alikuwa hasikii maumivu tangu wakati huo?"

"Tangu siku ya kwanza. Alisema kama anakanyaga pamba."

"Tepu ililowa lini?"

"Alhamisi."

Aliandika yote. Akaniuliza tena kuhusu wiki tano, akapiga mstari chini yake, akamwita mwenzake wakasoma pamoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule uongo wa huruma ungemnyima daktari kitu cha kufanyia kazi. Mama asingeweza kumwambia lini ilianza, kwa sababu hakuwahi kuisikia. Aliyeiona ni mimi.

Wakampeleka ndani. Tulikaa kwenye benchi moja, Zawadi mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule. Kila mlango ukifunguka tunasimama wote wawili, tunaketi. Sijawahi kuomba vile. Nilikuwa naomba kwa kuhesabu: viwili, Bwana, viwili tu, usizidishe.

Daktari alipotoka aliinua vidole viwili hewani. Akasema usaha ulikuwa haujapita kifundo.

Zawadi akalia. Mimi nilitoka nje nikaketi chini kwenye maua.

Mama Zawadi alikaa wodini wiki tatu. Nilikuwa naenda, nasimama mlangoni, nampa chakula nesi ampelekee. Siku moja akaniita ndani. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikaomba msamaha, nikamuuliza kwa nini alitaka kunificha.

Akacheka. "Kama bangekufukuza, nani angenizungumuzia Kizungu?"

Ndivyo alivyo yule mama. Sijui kama ni kweli ndiyo sababu yake. Sikuuliza mara ya pili.

Zawadi hakunisalimu kwa mwaka mzima na zaidi, na tunaishi mtaa mmoja. Sikumlaumu. Siku aliyonisalimu ilikuwa "jambo" moja kavu kisimani, na nilienda nayo nyumbani kama zawadi.

Vijana wa timu niliwaeleza kila kitu Jumamosi iliyofuata. Wengine walisema najilaumu bure, ni sukari iliyomkata vidole na si mimi. Ni kweli nusu. Sukari ilitengeneza kidonda. Mimi nilikifunika wiki tano.

Leo ni 2019. Mama Zawadi yuko hai, anatumia dawa, anauza vitenge akiwa ameketi kwenye kibanda chake. Nyayo zake mwenyewe hawezi kuziona kwa sababu hawezi kukunja mguu vizuri, kwa hiyo kila jioni kuna mtu anamkagua. Siku ambazo Zawadi amebanwa na kazi, ananituma mimi. Naketi kwenye kigoda, naweka mguu wake mapajani, naangalia katikati ya vidole, kisigino, pembeni. Namwambia nilichoona. Kama sijaona kitu namwambia sijaona kitu, naondoka.

Nilichojifunza ni hiki. Tepu ni nzuri kwa kifundo cha kijana anayesikia maumivu, kwa saa chache, kisha inatolewa. Haiendi juu ya kidonda wala lengelenge lililofunguka. Haikai mwilini ikiwa imelowa. Na mtu mzima akikuambia mguu wake hauumi ilhali unaona kabisa kwamba ungepaswa kuuma, usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Weka tepu chini, mpeleke akapimwe sukari siku hiyo hiyo.

Manesi na madaktari mlio humu, nilipokosea nirekebisheni hadharani, sitakasirika.

Na wewe mwanachama uliyeuliza juzi kuhusu mama yako: mvue viatu leo, mwangalie nyayo kwenye mwanga mzuri, mwambie afumbe macho umguse kwa kalamu. Halafu rudi hapa utuambie amesikia au hakusikia. Nasubiri jibu lako.